Umri wa Kilimia

Umeme ulikatika Naguru jioni moja ya Januari, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi likizo tukaziona nyota. Babu, askari polisi mstaafu, aliinua fimbo kukielekea Kilimia. "Mjukuu wangu, nyinyi mnaosoma historia, mnajuaje tarehe ya kitu ambacho hakuna aliyekiandika?" Nikataja masimulizi na akiolojia. "Na hizi je?" Sikuwa na jibu. Insha hii ni jibu langu lililochelewa.

Jina Kilimia linatokana na kulima. Wakulima walikiangalia kikipotea magharibi jioni za Mei na kurudi alfajiri za Juni, wakapanga majira. Wanaastronomia nao waliuliza "lini?", ila walitaka kujua kundi hilo lilizaliwa lini.

Mwaka 1859, huko Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ina mistari yake katika nuru iliyotawanywa kwa mche wa kioo. Kuanzia hapo nuru ya nyota ilisomeka kama waraka. Huko ndiko kusoma spektra.

Hata hivyo, kwa miaka mingi umri wa Kilimia ulikadiriwa kwa njia nyingine. Nyota kubwa huzeeka mapema, hivyo watafiti walitazama zipi zimeanza kuzeeka, wakapata miaka milioni 70 hadi 100. Hesabu hiyo ilitegemea jinsi gesi inavyochanganyika ndani kabisa ya nyota, mahali ambapo hakuna aliyepaona. Sisi wanahistoria tungesema: shahidi mmoja, tena wa kusikia.

Shahidi wa pili alikuwa lithiamu. Nyota changa huzaliwa nayo, kisha kitovu kikifikia joto la nyuzi milioni 2.5 hivi, huanza kuteketea. Nyota ndogo huchelewa kufikia joto hilo, na vibete kahawia vyepesi havilifikii kamwe. Kwa kuwa nyota za Kilimia ni za rika moja, mpaka kati ya zilizopoteza lithiamu na zilizo nayo bado hutaja umri wa zote. Mwaka 1995 watafiti wa Visiwa vya Kanari walitangaza kibete kahawia Teide 1 ndani ya Kilimia, na mwaka uliofuata mstari mwekundu wa lithiamu ukaonekana katika spektra yake. Mwaka 1998 John Stauffer na wenzake, kwa darubini ya Keck huko Hawaii, waliupata mpaka wenyewe: miaka milioni 125 hivi. Napenda kwamba vinyota hafifu, visivyoonekana kwa macho, ndivyo vilivyosahihisha ushahidi wa wakubwa.

Nilipomweleza Babu, akauliza Jua lina umri gani. Miaka milioni 4,600, nikasema.

"Kumbe hivi ni vitoto," akacheka. Yeye alihesabu nyota sita. Mimi, na miwani yangu, niliona tano.