Mpingo wa Kusini, Duka la Mjini

Nachingwea hukumbukwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, na kwa kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Mpingo unaoota katika misitu ya Nachingwea na Ruangwa hautajwi sana, ingawa mti wa aina hiyo ndio uliobeba biashara ya vinyago vya Wamakonde jijini Dar es Salaam. Wengi wa wachongaji walikuwa wahamiaji kutoka Msumbiji, waliovuka Ruvuma kutafuta vibarua, hasa katika mashamba ya mkonge. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Ni jamii mbili za wachache, na soko hilo walilijenga pamoja.

Wapo wanaosema kwamba Mohamed Peera, mmoja wa wafanyabiashara hao mwenye duka mjini, ndiye aliyeibuni sanaa hiyo kwa kuagiza alichokitaka. Hoja hiyo ina chembe ya kweli: bila mnunuzi wa kudumu, mchongaji asingethubutu kuharibu gogo zuri kwa jaribio. Lakini mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mizimu na viumbe vya ajabu, hautokani na daftari la oda. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, na Peera aliununua baada ya kuuona. Mwenye duka alibeba hatari ya fedha, mchongaji akabeba ya ubunifu. Faida, hata hivyo, ilibaki mjini, na vijiji vya kusini viliendelea kuuza magogo.