Leonard Mambo Mbotela na Neno "Uungwana"

Neno "uungwana" lina historia ndefu kuliko wengi wetu tudhanivyo. Katika miji ya kale ya Pwani, kama Lamu, Mombasa na Unguja, muungwana hakuwa kwanza mtu wa adabu njema. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, aliyezaliwa na wazazi walio huru. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapwa mwaka 1939, yaeleza maana hiyo ya uhuru kabla ya kufika kwenye adabu na ustaarabu. Katika karne ya kumi na tisa, wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Pwani kwenda Tabora na Ujiji walipenda kujiita waungwana, wapate kutengwa na washenzi wa bara. Na hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana kwa ajili yao. Mtu hakuuliza, "Je, nimetenda kiungwana?" Aliulizwa, "Wewe ni mwana wa nani?"

Katika Kenya neno hili lilipata msemaji mkubwa katika mtangazaji wa redio, Leonard Mambo Mbotela. Kwa zaidi ya miaka hamsini mtu huyu aliwauliza wananchi kama mwenendo fulani ni uungwana ama sivyo, na jibu lake halikuhusu kamwe uzazi wa mtu. Jambo hili lastahili kuandikwa, maana yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa watu ambao neno hilo, kwa maana yake ya zamani, liliwafungia mlango.

Mbotela alizaliwa tarehe 29 Mei 1940 huko Freretown, Mombasa. Freretown ilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1874 na 1875, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja kumshurutisha Sultani aikomeshe biashara ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi yaliyobeba watumwa, baadhi ya watu waliookolewa waliletwa hapo, wakapewa viwanja, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Palitundikwa kengele kubwa, ikapigwa ilipohofiwa kwamba maadui wanakuja kuwateka tena. Na mpaka leo mahali hapo paitwa Kengeleni. Wazee wa ukoo wa Mbotela walikuwa miongoni mwa watu hao walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Mmoja wa ukoo huo huo, James Juma Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho "Uhuru wa Watumwa", kilichotolewa mwaka 1934. Wahakiki wa baadaye wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini ni kitabu kilichoandikwa na mtu wa ukoo ulioonja utumwa, wala vitabu vya namna hiyo si vingi katika lugha yetu.

Leonard Mbotela alianza kazi ya habari kwa kalamu. Alikuwa mwanafunzi wa uandishi katika gazeti la Standard huko Nakuru kabla ya kuingia Sauti ya Kenya mwaka 1964. Hapana budi kueleza kidogo jinsi shirika hilo lilivyokuwa. Utangazaji katika Kenya ulianza mwaka 1928, lakini ulikuwa ni wa walowezi: habari za Uingereza kwa watu walioikumbuka Uingereza. Mwafrika hakutengenezewa idhaa yake mpaka mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na kusudi la serikali ya kikoloni lilikuwa zaidi kuwatuliza watu kuliko kuwapasha habari. Televisheni ilifika mwaka 1962. Kisha mwaka 1964, nchi ilipokuwa mpya katika uhuru, serikali ilichukua shirika lote mikononi mwake, likaitwa Sauti ya Kenya. Vijana walihitajika upesi kujaza nafasi zilizoachwa na wageni, naye Mbotela, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, akawa mmoja wao.

Alikuja kwa wakati uliofaa. Hapo kabla, redio ilikuwa kitu kikubwa na ghali, chenye kuhitaji betri zito ama umeme. Katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949 ilitolewa redio ya bei nafuu, iliyotiwa ndani ya chombo mfano wa sufuria, ikauzwa kwa pauni tano; hata hizo pauni tano zilikuwa fedha nyingi kwa mfanyakazi. Zilipoingia redio za transista katika miaka ya 1960, mambo yakageuka. Mchungaji aliweza kwenda malishoni na redio begani. Sauti ya mtu mmoja aliyekaa Nairobi ikasikika Lodwar, Garissa na Turbo kwa dakika ile ile, na kwa kuwa idhaa ya Kiswahili ilikuwa moja tu, nchi nzima ilimsikiliza mtu yule yule.

Mbotela alijulikana pia kwa kutangaza mpira wa miguu. Kazi hii ni ngumu kuliko ionekanavyo, kwa sababu mtangazaji wa redio hutakiwa kuwa macho ya watu wasioona. Huko Uingereza, tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza kwa mara ya kwanza mechi ya ligi baina ya Arsenal na Sheffield United, msikilizaji aliwekewa gazetini picha ya uwanja uliogawanywa katika vyumba vyenye namba, apate kujua mpira uko wapi. Watangazaji wetu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji picha. Walisema mpira uko "upande wa kulia wa redio yako", na msikilizaji akakigeuza kile kisanduku mezani kuwa uwanja. Mtu alitazama upande wa kulia wa redio yake kana kwamba mchezaji angetokea hapo! Mbotela, pamoja na wenzake kama Mohammed Juma Njuguna, waliufanya mchezo uliochezwa mbele ya watu elfu kadhaa kuwa mali ya mamilioni. Ndivyo sauti yake ilivyokuwa sauti ya furaha, tena furaha isiyochagua kabila.

Mwaka 1966 alianza kipindi kilichompa jina, "Je, Huu ni Uungwana?" Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Alieleza kisa cha mwenendo usiopendeza, cha mtu katika safari, ama mgeni katika nyumba ya watu, ama jirani asiyejali jirani zake. Alikieleza polepole, kwa sauti yenye mshangao, kana kwamba yeye mwenyewe hakuamini alichokiona. Kisha akauliza lile swali. Hakuamuru wala hakutaja mtu kwa jina, na hukumu aliwaachia wasikilizaji. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya kipindi kuanza, na hata hivyo nilikua nikilisikia swali hilo vinywani mwa watu wazima, kila mara mtoto alipomega tonge kubwa kupita kiasi. Mwalimu aweza kujifunza kitu hapo. Amri huchokesha masikio, lakini swali humfuata mtu mpaka nyumbani.

Ni haki pia kusema kasoro ya kipindi hicho. Kilitangazwa na shirika la serikali, katika miaka ambayo watu waliwekwa kizuizini pasipo kushitakiwa, na mwezi wa Juni 1982 sheria ikafanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Swali la uungwana liliulizwa kwa abiria, kwa jirani na kwa mgeni. Halikuulizwa kwa wakubwa. Msomaji asimlaumu mtangazaji peke yake. Ndivyo ulivyokuwa mpaka wa kazi, na kila aliyekaa mbele ya kipaza sauti aliujua.

Mpaka huo ulimjia nyumbani kwake alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Usiku ule askari wa Jeshi la Anga la Kenya walikuwa wameasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini tu. Waliteka stesheni ya Sauti ya Kenya katikati ya Nairobi. Mitambo walikuwa nayo, bunduki walikuwa nazo, na hotuba walikuwa nayo. Walikosa kitu kimoja: sauti ambayo watu wangeiamini. Askari walikwenda kumtoa Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka stesheni, akalazimishwa chini ya mtutu wa bunduki kuitangazia nchi kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa.

Tufikiri maana ya tendo lile. Kama angalisema mtu asiyejulikana, wengi wangalishuku. Lakini aliyesema ni yule yule aliyewaambia habari za mabao, na aliyewauliza Jumapili hata Jumapili kama huu ni uungwana. Imani iliyojengwa kwa muda wa miaka kumi na minane ilichukuliwa asubuhi moja, ikatumiwa na watu wengine kwa kazi yao. Naye aliyekuwa na imani hiyo hakuulizwa kama akubali. Katika ukoo wake walikuwako watu waliowahi kushikwa usiku na kuchukuliwa kwa silaha. Ukweli huo mwandishi wa historia hana haja ya kuutia chumvi.

Utawala wa Ochuka haukudumu hata siku moja. Majeshi yaliyobaki na utiifu, chini ya Mahamoud Mohamed, yaliikomboa stesheni siku ile ile. Mbotela alikuwa bado mle ndani, akatakiwa tena kusema, safari hii kwamba serikali ya Moi ingali imara. Sauti moja, ndani ya saa chache, ilitangaza mambo mawili yaliyopingana, na yote mawili yaliaminiwa. Watu wengi waliuawa, maduka mengi ya Nairobi yaliporwa, Jeshi la Anga likavunjwa. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akahukumiwa, na mwaka 1987 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Mbotela alirudi kwenye kipindi chake.

Hapa Turbo tuna sababu yetu ya kuyatafakari mambo haya. Turbo ni mji mdogo kando ya barabara iendayo Webuye na Malaba, na wakazi wake ni Wanandi, Waluhya, Wakikuyu na wengineo. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nyumba na maduka ya mji huu yaliteketezwa, na watu wakakimbia usiku bila viatu. Katika Kenya nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Wakati huo hapakuwa tena na idhaa moja. Tangu miaka ya 1990 serikali ilikuwa imeruhusu stesheni za watu binafsi, na katika miaka ya 2000 zikaenea stesheni za lugha za makabila. Joshua arap Sang, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika stesheni ya Kass FM, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague pamoja na William Ruto, aliyekuja kuwa Rais mwaka 2022. Mashtaka yalitaja mji wa Turbo kwa jina. Kesi ilianza tarehe 10 Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliifuta kwa sababu ushahidi ulikuwa dhaifu; hakuna aliyehukumiwa, na Sang alikana mashtaka tangu mwanzo. Sitaki msomaji atoe hukumu ambayo mahakama haikuitoa. Nataka aone jinsi kazi ya mtangazaji ilivyopanda uzito, hata ikawezekana mtu wa kipindi cha asubuhi aitwe ng'ambo kujibu maswali juu ya maneno yaliyosemwa hewani. Wazee wa Mbotela walionywa kwa kengele moja iliyojulikana na wote. Mwaka 2007 kila kundi lilikuwa na kengele yake.

Siku hizi kazi hiyo imehamia mahali pengine tena. Vijana wengi huicheza na kuitazama michezo ya video, na wako watu ambao kazi yao ni kuieleza michezo hiyo na kuwakusanya watazamaji kwa njia ya simu, kama Mbotela alivyowakusanya wasikilizaji wa mpira. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, ajulikanaye mchezoni kwa jina la Queen Arrow, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuingia mkataba na timu ya kimataifa ya michezo hiyo. Mwenyeji wa michezo ya namna hii hahitaji stesheni wala ruhusa ya waziri. Wala hawezi kuwa na nchi nzima masikioni mwake, maana kila mtazamaji huchagua wake.

Mbotela aliendelea na kipindi chake hata baada ya Sauti ya Kenya kurudia jina la Kenya Broadcasting Corporation mwaka 1989, na baada ya vijana wa stesheni mpya kuleta mitindo yao. Kipindi kilivuka miaka hamsini. Waliokisikia mwaka 1966 wakiwa watoto walikuwa wamekwisha kuwa mababu, na swali lilikuwa lile lile. Alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Leo, katika matatu ziendazo Eldoret, abiria akikanyagwa mguu na mwenzake asiyeomba radhi, husema maneno manne tu, na garini hakuna anayefikiri kwamba ameulizwa habari za wazazi wake.