Posho ya Wiki Chini ya Mlima Kenya

Neno posho limetembea kuliko wengi wetu. Mganda akikuambia amekula posho, amekula ugali. Mtanzania akilalamika kuhusu posho za wabunge, anazungumzia hela za vikao. Hapa Nyeri, posho mill ni ile mashine ya kusaga mahindi, na mtoto akitumwa huko anarudi na unga hadi kwenye nyusi. Lakini katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuingia bara, posho ilikuwa kipimo: chakula anachopewa mpagazi au askari ili aweze kuendelea na kazi. Kwa hivyo kabla hatujalijua neno kalori, Kiswahili kilikuwa tayari na neno linalofunga jasho na tonge pamoja.

Hilo neno hunijia kila ninaposikia mazungumzo ya siku hizi. Nyeri mjini, Karatina, Nanyuki, watu wanahesabu. Huyu anakimbia kilomita 5 alfajiri kisha anaiuliza simu yake amechoma kalori ngapi. Yule anajibana kwa githeri na sukuma kuanzia Jumatatu, ili Jumamosi apande vilima na Jumapili ale mukimo na nyama choma bila dhamiri kumsumbua. Ukiwasikiliza, wote wanauliza swali moja: mwili hufunga hesabu zake kila usiku, au husubiri mwisho wa wiki? Ni swali zuri, na sayansi ina jibu. Ila historia ya mlima huu ina swali lingine linalopaswa kutangulia, na bila hilo jibu la sayansi linabaki nusu.

Tuanze na sayansi basi. Mwaka 1955, Edholm na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti juu ya makurutu 12 wa chuo cha kijeshi. Kwa wiki mbili walipima kila walichokula na kukadiria nguvu waliyotumia, iwe ni kwenye gwaride, darasani au kitandani. Wangetarajia kwamba kurutu aliyefanya kazi ngumu Jumatatu angekula zaidi Jumatatu hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Chakula cha siku na kazi ya siku hiyo havikufuatana kabisa. Lakini walipojumlisha siku zote 14, pande mbili zilikaribiana sana. Zaidi ya hayo, ilionekana kana kwamba njaa ya kazi ya leo huja kulipwa kama siku mbili baadaye.

Mwili basi ni kama mwenye duka anayekopesha. Haulii ukimaliza siku na deni dogo, anaandika kwenye daftari na kungoja. Kwa mtu wa Nyeri anayekimbia leo, hii ni habari njema. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia takriban kalori 350, ambazo zinatoshana na gramu 100 hivi za unga wa mahindi. Si lazima azirudishe usiku huohuo, wala hana haja ya kujilaani kwa sahani moja ya Jumapili. Kinachohesabika ni mwendo wa wiki.

Lakini makurutu wale 12 walikuwa na kitu ambacho ni rahisi kukiruka ukisoma matokeo: walikula kadiri walivyotaka. Sahani ilikuwa wazi. Njaa ya siku ya tatu ilipofika ilikuta chakula mezani. Mtu ambaye sahani yake inapimwa na mwingine, daftari lake la wiki husomeka namna gani?

Katika nchi hii watu wengi waliishi hivyo. Mashamba ya walowezi yalipotanda kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, posho ya misafara ilihamia kwenye mashamba hayo. Kibarua alifanya kazi kwa tikiti ya siku 30, siku za kazi tu ndizo zikihesabiwa, na sehemu ya malipo yake ilikuwa unga. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku, na mara nyingi ulitolewa kwa wiki: ratili 14 kwa mkupuo, umalize mwenyewe utakavyojua. Ratili 2 ni kama gramu 900. Ukipiga hesabu ya leo, hizo ni takriban kalori 3,200. Kwenye karatasi si haba. Kwa mwanamume anayelima au kupasua magogo kutwa nzima, ziko ukingoni. Kwa mwanamume mwenye mke na watoto wawili kambini, zimeshapotea kabla ya Alhamisi. Tena ulikuwa ni unga mtupu: maharagwe, mboga na maziwa mara nyingi ni mtu kujitafutia.

Mwajiri hakuwa anauliza kama huyu mtu ameshiba. Aliuliza kama ataweza kushika jembe Jumatatu. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya mlo na posho. Mlo hupimwa kwa njaa ya mlaji. Posho hupimwa kwa kazi anayotakiwa kufanya.

Hata wanasayansi walipokuja kuwapima watu wa nchi hii, jicho lilikuwa kwenye kazi. Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti aliyeongoza taasisi ya Rowett kule Aberdeen, na J. L. Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, walitoa ripoti iliyolinganisha afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Walisema wanaume wa Kimaasai, walaji wa maziwa, nyama na damu, waliwazidi wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu, ratili 23 za uzito, na nguvu za misuli zaidi kwa nusu. Sababu waliiweka kwenye chakula: Mkikuyu anakula nafaka na viazi mno. Orr baadaye aliliongoza shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, tangu lilipoanza 1945, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Hakuwa mtu mbaya. Imani yake kwamba njaa ni jambo la siasa ilikuja kusaidia dunia nzima.

Hata hivyo, ripoti ile ilimtazama Mkikuyu kana kwamba sufuria yake ndiyo iliyojichagulia cha kupika. Kufikia 1931 mipaka ya hifadhi za Waafrika ilikuwa imeshachorwa, malisho yamebanwa, na vijana wengi wako kwenye tikiti. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia kazi hiyo mwaka 1997 na kuonyesha jinsi ushahidi kuhusu wanawake ulivyowekwa kando. Wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga na wimbi kuliko waume zao, na pengo kati yao na wanawake wa Kimaasai lilikuwa dogo. Ukweli usemwe: waliokuwa na mkono kwenye chungu walijua kitu kuhusu mizani ya wiki ambacho posho ya unga mtupu haikukijua.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaleta kisa ambacho watalii wa Nanyuki bado wanakipenda. Kambi ya wafungwa wa vita nambari 354 ilikuwa hapo Nanyuki, imejaa Waitaliano waliotekwa Ethiopia. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliutazama mlima kila asubuhi mpaka akaamua kuupanda. Pamoja na Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti, alitengeneza vifaa vya barafu kwa vyuma chakavu. Na walifanya jambo lililo muhimu kwa hesabu yetu: miezi kadhaa waliweka akiba ya chakula, kidogo kidogo, kutoka kwenye mgao wao. Haba na haba hujaza kibaba.

Walitoroka tarehe 24 Januari 1943. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake wawili walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, dhoruba ikawarudisha. Tarehe 6 Februari wakasimamisha bendera yao Lenana, mita 4,985. Wakashuka chakula kikiwaishia, njaa ikiwauma, wakajirudisha wenyewe kambini baada ya takriban siku 18. Mkuu wa kambi aliwapa siku 28 za selo, kisha akazipunguza hadi 7 kwa kuheshimu ushupavu wao. Benuzzi aliandika kitabu, na kimetafsiriwa sehemu nyingi.

Ninakipenda kisa hicho mimi pia. Lakini kinaniuliza kitu: mfungwa aliwezaje kuweka akiba? Aliweza kwa sababu mgao ulizidi kazi. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulisema mfungwa wa vita apewe chakula sawa na cha askari wa kambini wa upande uliomteka. Miezi ile yote, Benuzzi na wenzake walikuwa na ziada ya kuficha. Siku 18 za deni walizilipia kwa akiba, na walipomaliza akiba, palikuwa na kambi ya kurudia. Wakati huohuo, upande wa kusini, wakulima wa Karatina walikuwa wakipeleka mboga kwenye kiwanda cha kuzikausha kwa ajili ya majeshi. Mlima ulilisha wengi.

Miaka 11 baadaye, kwenye miteremko ya mlima uleule, hesabu iligeuka. Chini ya Hali ya Hatari, kuanzia katikati ya 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Nyeri na wilaya jirani kwa nguvu na kuwatia katika vijiji vyenye ua na mnara wa ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa ndani ya vijiji zaidi ya 800. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Waliobaki, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walitolewa asubuhi kwenda kazi za lazima bila malipo. Kazi mojawapo ilikuwa handaki la takriban maili 50 ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, pana na refu kwenda chini, likapandwa miti iliyochongwa ncha. Shabaha yake ilikuwa wazi: kuzuia chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau msituni.

Tupige hesabu hapa pia. Kuchimba udongo kwa jembe kunamgharimu mwanamke wa kilo 55 karibu kalori 300 kwa saa. Saa 6 ni 1,800. Kupumua tu na kuishi ni kama 1,300 nyingine. Akiwa ananyonyesha, ongeza 500. Sasa mrudishe kijijini jioni, kafyu imeanza, shamba lake liko nje ya ua na muda aliopewa wa kulifikia ni mchache. Kijiji kilichoadhibiwa kiliweza kufungiwa ndani saa 23 kati ya 24. Ile njaa ambayo kwa makurutu wa Uingereza ilikuja siku mbili baadaye ikakuta meza, hapa ilikuja ikakuta lango limefungwa. Deni la Jumatatu halikulipwa Jumatano. Lililipwa na maziwa ya mama, na mtoto ndiye aliyelipa.

Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizichambua sensa mwaka 2007 na kukadiria kwamba miaka ya 1950 Wakikuyu walipoteza watu takriban 50,000 zaidi ya wale ambao wangekufa kwa kawaida. Zaidi ya nusu walikuwa watoto chini ya miaka 10. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Na ukumbuke mwaka: 1955, handaki likichimbwa hapa, ndio uleule ambao makala ya makurutu 12 ilitoka, kila tonge lao limepimwa kwa uangalifu. Himaya moja, mizani mbili.

Sisemi haya ili mtu aone haya kuhesabu kalori. Sukari na presha zimeingia karibu kila boma ninalolijua, na wanaokimbia alfajiri wanafanya vizuri. Kwao ushauri ni mwepesi: tazama wiki, usiitazame siku. Panga kazi nzito na mlo mkubwa vikaribiane, usijinyime siku tano ukajilipiza siku mbili, na njaa ikichelewa kuja baada ya mlima, ujue inakuja.

Ila ushauri huo una sharti lilelile la makurutu: sahani iwe wazi. Mchuma chai wa Othaya analipwa kwa kilo za majani, na msimu wa kuchuma sana si lazima uwe ndio msimu wa kula vizuri. Bawabu anayetembea kwenda kazini na kurudi ili aokoe nauli anafanya mazoezi ambayo hayamo kwenye simu ya mtu yeyote. Dada wa kazi anayekula baada ya wote kula anajua Jumatano ya kulipwa deni inavyoweza kukosekana. Ukimwambia mmoja wao asawazishe chakula na mazoezi kwa wiki, kwanza muulize nani anayempimia unga. Wewe uliyemwajiri, unaweza kuanza kwa kumpakulia mapema, tena na maharagwe.