Mdhamini Mgeni katika Majarida ya Skeitibodi

Mjadala kuhusu matangazo katika majarida ya skeitibodi ya Marekani mara nyingi huanzia pabaya. Huanza na kampuni za soda, magari na viatu zilizobisha hodi baadaye, kana kwamba kabla yake kurasa hizo hazikujua biashara. Jarida la Thrasher, lililotoka San Francisco Januari 1981, lilianzishwa na watu wa Independent, watengenezaji wa vyuma vinavyoshika magurudumu chini ya ubao. Mwaka 1983 wapinzani wao wa Tracker wakaja na TransWorld Skateboarding. Biashara ya skeitibodi ilikuwa imeporomoka, na kila upande ulihitaji mahali pa kunadi vyuma vyake. Tangazo ndilo lililozaa jarida.

Kwa hiyo kuuliza kama fedha ya mdhamini ni safi hakutufikishi mbali. Mimi ningempima kwa hasara atakayoipata mchezo ukifa.

Tofauti kati ya mdhamini mwenyeji na mgeni huonekana kwenye ukurasa wenyewe. Tangazo la kampuni ya mbao huwa picha moja kubwa: kijana yuko hewani juu ya ngazi za zege, jina lake limeandikwa, nembo imebanwa pembeni. Usipotazama vizuri, utalidhania picha ya habari. Kijana huyo anakula kwa kampuni hiyo, na wasomaji wanamfuatilia mwezi hadi mwezi. Katika tangazo la mgeni, mara nyingi mchezaji hana jina; ni pambo la kuuzia kitu kingine.

Nike ilijifunza hilo kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 matangazo yake ya televisheni yaliuliza ingekuwaje kama wanamichezo wote wangetendewa kama wacheza skeitibodi, yakaonyesha wacheza gofu na tenisi wakisumbuliwa na polisi. Yalisema kweli, tena kwa ustadi mkubwa. Viatu havikushika soko, na Consolidated, kampuni ndogo ya California, ikaendesha kampeni ya kuwataka wachezaji waikatae Nike. Iliporudi mwaka 2002 kwa jina la Nike SB, ilipitia maduka madogo ya skeitibodi na kuwapa wachezaji kama Danny Supa na Gino Iannucci viatu vya rangi walizochagua wenyewe. Safari hii mauzo yake yalifungamana na duka la mtaani. Hapo ndipo ilipokubalika, si kwenye ubora wa tangazo.

Kuna pingamizi zito: wenyeji nao huziba midomo. TransWorld lilipokataa tangazo la Steve Rocco wa World Industries, kampuni ya mbao za skeitibodi, yeye akaanzisha jarida la Big Brother mwaka 1992.  Lakini Rocco aliweza kujibu kwa sababu fedha yake nayo ilitoka kwenye mbao. Ugomvi ule ulikuwa wa watu waliohitaji wasomaji walewale.

Kipimo hichohicho kinawahusu wamiliki pia. TransWorld lilipita mikononi mwa kampuni kubwa za habari, kisha likawa mali ya American Media, wachapishaji wa National Enquirer. Toleo la karatasi likasimamishwa mwaka 2019. Mmiliki huyo hakuwa na chuma wala ubao wa kuuza, basi kulifunga hakukumnyima mteja hata mmoja wa bidhaa nyingine. Thrasher, lililobaki mikononi mwa watu wa mchezo, bado linachapishwa.