Juri ya Wazungu, Wazee Wasio na Kura

Mwaka 1923, Jasper Abraham, mlowezi wa Molo, alisimama kizimbani Nakuru. Mfanyakazi wake, Kitosh, aliagizwa amwongoze farasi kwa miguu, yeye akampanda. Kwa kosa hilo alichapwa mikanda, akafungwa kamba na kuachwa stoo. Usiku uleule akafa.

Juri iliyosikiliza kesi ilikuwa ya Wazungu watupu. Madaktari wa upande wa utetezi walidai kwamba Kitosh alikufa kwa sababu alikwisha kata tamaa ya kuishi. Juri ikamtia Abraham hatiani kwa kosa la kujeruhi vibaya, si la kuua. Akafungwa miaka 2.

Juri ni desturi ya Kiingereza: raia wa kawaida huapishwa, husikiliza ushahidi, kisha wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji husimamia sheria na kupanga adhabu. Katika koloni la Kenya, haki hiyo ilikuwa ya mshtakiwa Mzungu peke yake. Mwafrika aliyefikishwa Mahakama Kuu alihukumiwa na jaji aliyeketi na wazee wa baraza. Wazee walisikiliza kesi yote, wakaulizwa maoni yao mmoja mmoja, lakini jaji hakulazimika kuyafuata. Na huko Kapenguria, mwaka 1952 hadi 1953, Jomo Kenyatta na wenzake 5 walihukumiwa na hakimu mmoja, Ransley Thacker, bila juri.

Hata hivyo, si kila mara juri ya Wazungu ilimkinga Mzungu mwenzao. Mwaka 1959, Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, aliyekuwa amewarushia mawe mbwa wake jijini Nairobi. Juri ilimwona ana hatia ya kuua kwa kukusudia, na Agosti 1960 akanyongwa, Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Baada ya uhuru juri ya Wazungu haikuwa na nafasi tena. Kenya ingeweza kuifungulia milango kwa raia wote. Badala yake ilibaki na wazee wa baraza, na mwaka 2007 nao wakaondolewa. Leo jaji huamua peke yake. Mwananchi wa Kenya huitwa mahakamani kama shahidi au mshtakiwa. Mamlaka ya kutamka kwamba mwenzake ana hatia hajawahi kukabidhiwa.