Tiba ya kisaikolojia humsaidiaje mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji?

Upasuaji huondoa risasi, huunga mfupa au huziba tundu la utumbo. Hofu, huzuni na kukosa usingizi huweza kubaki hata baada ya nyuzi kutolewa. Wataalamu wa afya wanasema hali hiyo si udhaifu wa mgonjwa, na inatibika.

Kwa wakazi wa Nyakabiga, katika tarafa ya Mukaza jijini Bujumbura, suala hili si geni. Mtaa huo ulikuwa miongoni mwa vitovu vya maandamano yaliyoanza Aprili 2015 kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Desemba 12 mwaka huo, siku moja baada ya kambi za kijeshi kushambuliwa, miili ya watu ilikutwa katika barabara za mtaa huo. Mwaka huohuo, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifungua kituo cha upasuaji wa majeruhi huko Kigobe, kilichotoa matibabu bila malipo.

Aliyejeruhiwa katika mazingira kama hayo huingia chumba cha upasuaji akiwa na majeraha mawili: la mwili na la nafsi. Warundi huliita la pili ihahamuka, yaani kiwewe.

Kwa nini hofu huathiri kupona?

Mwili wenye hofu hutoa homoni za msongo, ambazo zikidumu huweza kuchelewesha kidonda kupona. Mgonjwa mwenye sonona hula kidogo, huacha mazoezi ya viungo na wakati mwingine hakamilishi dawa. Aliyekatwa mguu huweza kuendelea kuhisi maumivu katika mguu ambao haupo tena. Asipoelezwa kwamba jambo hilo hutokea kwa wengi, hudhani amerukwa na akili.

Tiba zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni maelezo kabla ya upasuaji. Mwaka 1964, madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Walioelezwa mapema kuhusu maumivu na kufundishwa kulegeza misuli walihitaji takriban nusu ya dawa kali za maumivu ikilinganishwa na wenzao.

Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyojumuisha tafiti 105, yalionyesha kuwa maandalizi ya kisaikolojia huweza kupunguza maumivu na hisia mbaya, na kufupisha kidogo muda wa kulazwa. Hata hivyo, watafiti walitahadharisha kwamba ubora wa ushahidi huo ni mdogo.

Ya pili ni tiba ya utambuzi na tabia. Mgonjwa husaidiwa kutambua wazo linalomtesa, kwa mfano "sitafaa kitu tena", kulipima kwa uhalisia na kurejea kidogo kidogo katika shughuli zake.

Ya tatu ni ushauri unaotolewa na wahudumu wasio wanasaikolojia. Mpango wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wenye vikao vitano, hufundisha kupumua polepole, kutatua matatizo, kurudia shughuli na kutafuta msaada wa watu wa karibu. Mpango huo ulijaribiwa jijini Nairobi miongoni mwa wanawake waliopitia ukatili, na ukapunguza dhiki yao. Kwa nchi yenye wataalamu wachache kama Burundi, njia hii ina umuhimu wa pekee.

Burundi ina uzoefu wake. Katika kituo cha Urumuri mjini Gitega, kilichofunguliwa na MSF mwaka 2010, wanawake wenye fistula walipewa msaada wa kisaikolojia pamoja na upasuaji, kwa kuwa wengi wao walikuwa wametengwa na jamii. Jijini Bujumbura, kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge hupokea wanaohitaji matibabu zaidi.

Familia ifanye nini?

Ndugu wanaomuuguza mgonjwa ndio huona dalili mapema: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kujitenga, kukataa chakula. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, ni vyema apelekwe kwa mhudumu wa afya. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Kumwambia "jikaze" hakumsaidii. Kumsikiliza bila kumlazimisha kusimulia yaliyompata ni mwanzo mzuri wa tiba.