Nyumba ya Mapadre Bagamoyo: Umbo la Ulaya, mawe ya pwani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, akishazipita Kerege na Zinga, hufika katika mji unaosifika kwa magofu ya Waarabu na Wajerumani. Wachache hukumbuka kwamba Wafaransa nao waliacha alama yao hapo. Kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, mwisho wa njia iliyopandwa miembe, imesimama Nyumba ya Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Mapadre hao, wengi wao kutoka Ufaransa, walianza kazi Zanzibar mwaka 1863. Mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, mzaliwa wa Alsace, walivuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo kwa idhini ya Sultani Majid. Lengo lao kubwa lilikuwa kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani, na hivyo kikazaliwa Kijiji cha Uhuru.

Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga pwani na kuiharibu vibaya misheni hiyo changa. Mwaka huohuo lilijengwa kanisa la kwanza, ambalo mnara wake ungalipo. Ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone Februari 24, 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza.

Ujenzi wa Nyumba ya Mapadre ulianza mwaka 1873, na ghorofa ya tatu ikaongezwa mwaka 1903. Baraza zake ndefu zenye matao zinamkumbusha mtazamaji nyumba za watawa wa Ulaya. Kuta zake, hata hivyo, ni za pwani: mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, kama zilivyo nyumba za kale za Bagamoyo na Zanzibar. Jirani yake ipo Nyumba ya Masista ya mwaka 1876, ambayo sasa ni makumbusho, na kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914.

Ujenzi wa namna hii una adui wawili: mvua na ukarabati usio na ujuzi. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevunyevu ndani, na lipu ikabanduka pamoja na jiwe. Hivyo anayetengeneza kwa haraka huweza kubomoa kuliko anayeacha.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, inayoishia Bagamoyo, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Majina ya wamisionari yamehifadhiwa katika makaburi yao hapo misheni. Waliokombolewa, ambao jasho lao liliijenga na kuilisha misheni, wengi hawana jiwe lenye majina yao. Kuta hizi ndizo kumbukumbu yao. Zikianguka, zitaanguka nao.